V ya Nini Kwenye Ndege-Bawa?

Mafundi wengi wa ndege za modeli huinua ncha za mabawa kwa mazoea tu. Walianza na ndege ya mkia yenye mabawa ya umbo la V ukiitazama kwa mbele, yaani daihedrali, basi wakija kwenye ndege-bawa, ile ya bawa tupu isiyo na mkia, wanaibebesha V ileile. Kwa mabawa yaliyolazwa nyuma digrii 25 hadi 30, huko ni kujitafutia kazi.

Ule ulalo wenyewe unatosha. Ndege ikiteleza ubavu, bawa lililotangulia hupokea upepo kwa unyoofu zaidi, hunyanyuka, ndege ikajirudi sawa. Pua ikiwa juu na mwendo mdogo, nguvu hiyo huzidi. Ukiongeza V ya digrii 3, vibawa vya wima vinalemewa, maana vimekaa karibu mno na kitovu cha uzito. Hapo unapata mwendo wa bata: pua kushoto, pua kulia, mabawa yakipishana juu na chini. Sevo, yaani mota ndogo za kuongozea, husingiziwa bure. Ondoa V, au kuza vibawa.

Lakini hata bawa "bapa", lisilo na V, lina mtego. Chukua la povu la EPP, mita 1.2 ncha hadi ncha, unene 30 mm shinani, pale nusu mbili zinapoungana, na 18 mm nchani. Ukiligundisha likiwa limelalia tumbo mezani, mstari wa katikati ya unene unashuka 6 mm kila upande: nusu digrii na ushei, kuelekea chini. Weka kibao cha 6 mm chini ya kila ncha, kishike ukingo wa mbele na wa nyuma kwa pamoja. Mbele ikizidi kwa 4 mm tu, ncha yenye upana wa 180 mm imepinda digrii 1.3. Kama ulikata msokoto wa digrii 2.5, yaani ncha kuinamishwa mbele, nusu yake imekwenda, na wakati wa kutua ncha hiyo ndiyo itakayoishiwa upepo kwanza. Tumia epoksi ya dakika 30. Ya dakika 5 haikupi nafasi ya kupima.

Bawa lililonyooka, lisilolazwa nyuma, ndilo la kupewa V. Kwa bawa la mita 1.2, digrii 2 kila upande ni 21 mm nchani. Ukiongoza kwa usukani bila aileroni (vipande vya ukingo wa nyuma vya kulaza ndege ubavu), nenda digrii 5, yaani 52 mm. Kwa digrii 2, msasa uondoe 1 mm juu ya kila uso wa shina, la sivyo chini litabaki pengo la 2 mm lililojaa gundi tupu.