Graviti Haina Huruma na Watu wa Gorofa ya Sita

Aki landilodi alinicheza. Nikihamia mtaa wa Pipeline, Nairobi, aliniambia nyumba za chini ni elfu nane, za gorofa ya sita ni elfu sita na mia tano, nikajiona mjanja nikalipa haraka kabla hajageuka. Kumbe hiyo elfu moja mia tano nilikuwa nitaimalizia kwa magoti.

Shida ni maji. Yakija yanafika gorofa ya pili yanachoka, na si madharau, kila mita kumi ya kupanda maji yanataka presha ingine nzima kama ile ya hewa inayotukandamiza sisi wote, sasa hiyo paipu yetu ya kuungwa na mpira itaitoa wapi? Yaani maji, kitu haina hata mifupa, yameshindwa na ngazi, halafu mimi na kitambi changu ndio nategemewa.

Jumamosi nikabeba mtungi wa lita ishirini, na maji lita moja ni kilo moja kwa hivyo jipigie mwenyewe. Kilichoniudhi zaidi si kilo, ni kile kishikio chembamba, mzigo wote umekalia kamstari kamoja kwa vidole, hadi unafunga na kitambara na bado vinageuka vyeupe. Gorofa ya nne nikasimama nipumue, mtungi bado mkononi (ukiuweka chini, kuuinua tena ndio kifo), na hapo kijana wa jirani, yuko fom two, akaanza kunisomesha.

"Anko, kilo si uzito, hiyo ni tungamo, kiasi cha kitu chenyewe. Uzito, yaani vile dunia inayavuta hayo maji, ni njutoni 196."

Haya, enda buchari uitishe njutoni kumi za nyama tuone.

"Na ukisimama hivyo anko hufanyi kazi. Kazi ni nguvu mara umbali, na mtungi hausongi."

Sifanyi kazi! Jasho limefika soksi, mkono unatetemeka kama nyaya za stima, na fizikia inasema mimi ni mtu wa kukaa bure, sawa tu na vile mamangu husema. Akapiga hesabu ya mimi na mtungi pamoja, kilo 98, mita 18, akasema kazi ya kutuinua hadi juu ni kama kalori nne za chakula, na chapati moja iko na zaidi ya mia. Ati ningekuwa huko juu mwezini, mtungi ningeuhisi kama kilo tatu na kitu tu. Nikamuuliza huko mfereji uko wapi, akanyamaza kidogo.

Juu nikaingiza vidole vilivyokufa ganzi mfukoni, ufunguo ukateleza ukapita katikati ya vyuma vya balkoni. Mimi kupanda ilinichukua dakika saba. Ufunguo sekunde mbili, kijana alihesabu, nikausikia ti! kwa simiti.

"Usijali anko, kushuka graviti inakusaidia."

Nikamwambia basi shuka wewe. Akasema ako na homuwaki ya fizikia.