Sura zao bado zinalipwa, zetu zilishauzwa

Mzee ninayemhudumia hapa California alipata bahasha juzi. Akaifungua, akaiangalia hundi iliyokuwamo, akaguna na kuitupa mezani. Dola 11 na senti kadhaa. Zamani, kabla mimi sijazaliwa, aliigiza mhudumu wa mgahawa kwenye filamu moja ya mapenzi na vichekesho. Anamimina divai, anasema sentensi mbili mbele ya wapenzi walionuniana, anaondoka, humwoni tena. Lakini filamu hiyo ikirudiwa kwenye televisheni, hesabu inapigwa na chake kinamfikia. Na yeye analalamika kwamba ni kidogo! Nikabaki nimeshika dawa zake mkononi, moyo umenichafuka, maana mawazo yangu yalishafika Kinondoni, Dar es Salaam, kwa waigizaji wetu.

Nyie hamhitaji kuelezwa. Siongelei mhudumu wa kumimina divai, naongelea stelingi mwenyewe, mwigizaji mkuu, yule ambaye sura yake ndiyo iliyouza kava. Alilipwa mara moja, tena nusu. Nusu nyingine akaambiwa asubiri mzigo utoke. Aliyemlipa naye aliuza masta, yaani nakala mama ya filamu, na haki zote kwa msambazaji, akapewa hela ya mkupuo, ikaishia kwenye madeni ya kukodi kamera na nyumba ya lokesheni. Kuanzia hapo filamu ikawa mali ya kila mtu. Inaoneshwa kwenye basi la Mwanza, inapakiwa kwenye flashi, iko YouTube kwenye chaneli ya mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwona, na matangazo yanapita katikati ya kisa. Mwenye sura akipanda basi hilo, anajitazama kama abiria wengine na nauli analipa.

Nimezishika filamu za mapenzi na vichekesho makusudi. Filamu ya mapigano inauza ngumi na magari, ya kichawi inauza hofu. Hizi zinauza mtu: anavyocheka, anavyokasirika, anavyoomba msamaha. Watazamaji wakishampenda hivyo hawataki kumwona akifanya kingine, na watengenezaji wanamletea kisa kilekile kila mwaka. Anapendwa mpaka anafungwa. Hili liko huku na liko kwetu. Tofauti inaanza pale mwigizaji anapochoka na kutaka kutoka.

Hugh Grant alikuwa ameigiza zaidi ya miaka kumi bila kuwa staa wa dunia. Mwaka 1994 ikatoka Four Weddings and a Funeral, filamu ya Kiingereza iliyotengenezwa kwa chini ya pauni milioni 3 na kuingiza zaidi ya dola milioni 240. Kwa miaka 15 iliyofuata akawa yuleyule, mwanamume wa kuona haya, mwenye nywele za kumwangukia usoni, anayeshindwa kumwambia mwanamke kwamba anampenda. Mwaka 2009 filamu yake na Sarah Jessica Parker ikaanguka vibaya, kazi zikapungua. Angekuwa wa kwetu, mwaka uliofuata tungemwona kwenye kisa kilekile kwa nusu ya malipo. Yeye akapunguza mwendo, akatumia muda wake kupambana na magazeti ya Uingereza yaliyokuwa yakiingilia simu za watu, kisha akarudi taratibu kwa sura nyingine: mwovu kwenye filamu ya watoto, mwanasiasa mwenye siri nzito kwenye tamthilia ya BBC ya mwaka 2018, na mwaka 2024, miaka 60 ikiwa imeshampita, mtu wa kuogofya kabisa kwenye Heretic. Leo wanamheshimu kuliko alipokuwa kijana mzuri.

Matthew McConaughey ndiye anayeniumiza zaidi. Naye alikuwa mfalme wa filamu hizi tangu 2001, akiegemea bega la mwanamke kwenye kila bango. Akachoka. Akamwambia wakala wake hataki tena, akajifungia Texas na familia yake. Walimletea filamu ya vichekesho, akakataa. Wakaongeza dau, akakataa. Mwenyewe ameeleza kwenye kitabu cha maisha yake kwamba dau lilifika dola milioni 14.5, na bado akakataa. Akakaa karibu miaka miwili bila kazi, mpaka waliokuwa wakimwona kama kijana wa mapenzi tu wakamsahau. Ndipo zikaanza kuja kazi nyingine, na Machi 2014 akabeba Oscar kwa kuigiza mgonjwa wa UKIMWI aliyekonda mpaka mifupa ikaonekana.

Miaka miwili bila kazi! Niambieni ni mwigizaji gani wetu, hata mkubwa kuliko wote, anayeweza kukaa hata miezi sita akisema hapana. Kodi ya nyumba italipwa na nani? Vipaji tunavyo. Ninaowaona kwenye tamthilia zetu wanaweza kusimama na yeyote huku, na wengine wakiwa na skripti waliyopewa asubuhi ileile ya kurekodi. Walichokosa ni hiyo nguvu ya kukataa, na nguvu hiyo hailetwi na roho ngumu. Inaletwa na kazi ya zamani inayoendelea kukulipa wakati unasubiri kazi nzuri.

Kumbukeni Mzee Majuto. Alianza kuchekesha akiwa mtoto Tanga na hakuacha mpaka mwili ulipokataa. Nchi nzima ilimjua, matangazo ya biashara yakamng'ang'ania. Alipougua ndipo mikataba yake ikawa mjadala, hadi Waziri Harrison Mwakyembe akaunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Agosti 2018 tukamzika. Kabla yake mwigizaji Sajuki alipelekwa India kwa michango, akafariki Januari 2013. Na Kanumba, aliyewafanya watu wa Burundi, Rwanda na Kongo wakae sebuleni wakitazama Kiswahili chetu, alifariki Aprili 2012 akiwa na miaka 28, Leaders Club ikafurika watu mpaka wengine wakazimia. Sisi si watu wa roho mbaya. Tunawapenda hawa watu kwa kweli, tena kwa machozi. Upendo wetu tu ndio hauna risiti: unakuja kwenye bahasha ya rambirambi wakati ungepaswa kuja kila filamu inapooneshwa.

Najua mnayoyaandika sasa hivi. "Umefika Marekani umeanza kutudharau." Nawadharau kwa lipi? Nimekulia kwenye michezo ya kuigiza ya kikundi cha Kaole, nikijazana na watoto wenzangu kwa jirani mwenye televisheni, tukifukuzwa taarifa ya habari ikianza. Nimenunua CD halali wakati wenzangu wakininong'onea kwamba zile za kuchoma zipo kwa bei ya chini. Huku nilipo, mtu akiniuliza Tanzania kuna nini, wengine hutaja Serengeti. Mimi namwonesha kipande cha Mzee Majuto kwenye simu, anacheka bila kuelewa neno hata moja. Mtu anayewadharau wasanii wake hafanyi hivyo. Nina hasira kwa sababu najua thamani yao, na ningekuwa nawadharau ningekuwa nimenyamaza.

Mwingine atasema, "Huko nako waigizaji wana njaa, hukusikia mgomo?" Nimeusikia, niliishi nao. Mwaka 2023 waligoma siku 118, kuanzia Julai hadi Novemba. Walioneshana hundi za senti chache kutoka kwenye filamu za mtandaoni. Bima yao ya afya wakati huo ilimtaka mwigizaji aingize zaidi ya dola 26,000 kwa mwaka, na wengi wao hawakuzifikia. Wengi wanaendesha teksi na kubeba sahani mikahawani. Sijasema huku ni peponi. Ila angalieni waliokuwa barabarani na mabango: mastaa wenye majumba yao walisimama na watu wa kumimina divai, kwa kifungu cha mkataba ambacho staa mkubwa wala hakihitaji. Hata ile hundi ya dola 11 haikutoka kwenye huruma ya tajiri. Mwaka 1960 waigizaji waligoma, chama chao kikiongozwa na Ronald Reagan, yuleyule aliyekuja kuwa rais, wakarudi kazini na makubaliano ya kulipwa filamu zinapooneshwa kwenye televisheni, pamoja na mfuko wa pensheni na matibabu. Zaidi ya miaka 60 imepita, na mzee anayesahau alichokula asubuhi bado analetewa chake.

Sisi tuliandamana lini kwa ajili ya mkataba? Mwaka 2017 waigizaji wetu waliingia barabarani Kariakoo, mastaa kabisa, wakipinga filamu za nje zinazouzwa bila kufuata sheria. Niliwaunga mkono, maana muuzaji wa filamu za wizi anaiba za nje na za ndani. Lakini filamu ya Kikorea si iliyokwenda kwenye meza ya msambazaji ikasaini haki zako zote. Umati ule ungesimama siku moja tu na kusema hatuigizi tena bila kifungu cha marudio, leo tungekuwa tunaongea mengine. Na sheria ya hakimiliki na hakishiriki tunayo tangu 1999, inamtambua mwigizaji. Stempu za TRA, mamlaka ya mapato, zikabandikwa kwenye CD kuanzia 2013, serikali ikaweza kuhesabu CD moja moja ili ipate kodi yake. Kumbe kuhesabu kunawezekana.

"Soko letu dogo, hela itoke wapi?" Hili ndilo linalonichosha kuliko yote, kwa sababu linasemwa na watu wanaolipia king'amuzi kila mwezi. Azam wana Sinema Zetu, Maisha Magic Bongo wana tamthilia ambazo mama yangu hapokei simu zikiwa hewani. Filamu iitwayo Binti, ya Seko Shamte, imefika Netflix. Filamu za Kiswahili zinatazamwa nchi zaidi ya tano. Hela ipo, inaingia kila siku, na ratiba ya chaneli inaonesha kisa kipi kimerushwa saa ngapi. Zamani, wakati wa kanda, ungeweza kuniambia haiwezekani kufuatilia. Leo ukitazama mtandaoni, YouTube inajua hata dakika uliyozima.

Na msiniletee habari za skendo, kwamba wasanii wetu wanaponzwa na starehe. Hugh Grant alikamatwa na polisi Los Angeles mwaka 1995 kwa jambo la aibu ambalo dunia nzima ililijua kesho yake. Miaka minne baadaye yupo kwenye Notting Hill na Julia Roberts. Mwigizaji wa kwetu akipigwa picha baa, tunasema ndiyo maana wanakufa maskini. Tunatafuta dhambi ya mtu ili tusiangalie mkataba wake.

Kwa wanawake ni kubaya zaidi, pande zote mbili. Huku msichana wa filamu za mapenzi akikaribia miaka arobaini anaanza kuletewa nafasi za mama wa bwana harusi. Meg Ryan, aliyetawala miaka ya tisini, alipotea kwenye skrini kwa miaka mingi. Lakini mwaka 2023 alirudi na filamu ya mapenzi aliyoiongoza mwenyewe, yeye akiwa stelingi, kwa sababu alikuwa na pa kukaa muda wote huo. Dada zetu wanakaa wapi? Wanakaa Instagram, wanauza mawigi, sabuni za uso na chai za kupunguza tumbo, na sisi tunajaa chini ya picha kuwatukana kwamba wamefulia, wamesahau sanaa. Dada huyo alitutoa machozi tukiwa sebuleni, na senti ya marudio haimfikii. Anauza wigi ili asiuze masta nyingine kwa bei ya kutupa. Muacheni auze.

Mambo haya si ya kinadharia kwangu. Binti ya mama yangu mdogo, aliyekuwa akituigizia harusi za mtaani tukacheka mpaka tukalia, ameitwa kuwa stelingi kwenye filamu ya mapenzi na vichekesho huko Dar. Amenitumia mkataba kwa WhatsApp. Kurasa mbili, malipo yameandikwa mstari mmoja, na mstari unaofuata unasema haki zote za picha, sauti na jina lake kwenye kazi hiyo ni za mtayarishaji, popote, milele. Nikamwambia, mdogo wangu, omba kifungu kimoja tu: kazi ikiuzwa au ikioneshwa tena, asilimia fulani ije kwako, hata iwe ndogo. Ameomba kwa adabu zote. Amejibiwa kwamba wasichana wanaoitaka hiyo nafasi wamejaa, ajibu kabla ya Ijumaa.

Shangazi zetu wanasema namharibia bahati, kwamba naongea kwa kiburi cha dola. Sawa. Nimempigia mwenyewe nikamwambia kodi ya chumba chake cha Sinza nitailipa mimi mpaka mwisho wa mwaka, asaini au asisaini. Akiamua kusaini, asaini kwa kuwa ameipenda kazi. Akikataa, akatae akiwa ameshiba. Shangazi mkubwa ameninunia, hapokei simu yangu, na Ijumaa ni keshokutwa.