Unatafuta Jalada? Leta Namba ya Jalada

Kuna watu hawastahili kuachwa watembee huru barabarani. Wa kwanza wao ni yule anayekaa kijiweni anachokonoa meno, halafu anakwambia: "Nakala ya mirathi? Si unapita tu mahakamani unachukua!" Unapita tu. Leo kasema tena, mbele ya mjane aliyerudishwa na benki kwa sababu benki haitaki fotokopi ya Fomu namba IV, ile hati ya mahakama ya kumteua msimamizi wa mirathi. Inataka nakala yenye muhuri wa mahakama iliyoitoa, muhuri uliogongwa kwa mkono, wino uonekane. Na mshauri wetu kashatoa hukumu: dakika kumi, kwisha.

Haya, tupite tu.

Upite wapi lakini? Marehemu kazikwa kijijini, kwa hiyo ukoo mzima unaapa kwamba jalada liko Mahakama ya Mwanzo ya kijijini. Sheria haina habari na kaburi. Mirathi ya Mahakama ya Mwanzo hufunguliwa pale marehemu alipokuwa na makazi ya kudumu mpaka anafariki. Mtu kaishi Kahama miaka yote, kafia Kahama, kazikwa Bukoba. Usimtoe jasho karani wa Bukoba, hana hatia. Tena Mahakama ya Mwanzo inasikiliza mirathi za kimila na za Kiislamu. Aliyeishi Kikristo, jalada lake litafute Mahakama ya Wilaya au Mahakama Kuu, japo siku ya kufungua mirathi ukoo huwa na kigugumizi cha ghafla kuhusu dini ya marehemu.

Wa talaka nao wana yao. Kuna ndugu anazunguka na mkoba anatafuta hukumu ya talaka, kumbe shauri halijawahi kufika mahakamani, liliishia Baraza la Usuluhishi la kata. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inawapeleka wanandoa barazani kwanza, ukiacha hali chache zilizosamehewa. Baraza likishindwa kuwapatanisha linatoa hati ya kushindwa, na hati hiyo ndiyo tiketi ya kufungulia shauri. Baraza halivunji ndoa. Mwenye karatasi ya baraza peke yake bado ni mume wa mtu, hata kama ameshalipa mahari kwingine.

Tuseme umefika mahakama yenyewe. Siku yenyewe je? Vituo vya huku kwetu hakimu mmoja anazunguka viwili vitatu, leo huku, kesho kutwa kule. Ukifika siku isiyo yake utamkuta karani, benchi, na kuku wa jirani.

Sasa dirishani. Mazungumzo ya pale hayajabadilika tangu dirisha lijengwe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Namba?"

"Ya simu?"

"Ya shauri."

"Sina mama, ndiyo nimeifuata."

"Imeandikwa kwenye jalada."

"Si ndilo ninalolitafuta?"

"Sawa. Ila ili nilitafute nipe namba."

Hapo mwananchi mwenye heshima zake, shati kachomekea, viatu kavipaka kiwi tangu jana, anameza mate na kurudi uwanjani kwa upole.

"Basi mama, tutafute kwa jina."

"La nani?"

"Langu."

"Wewe umekufa?"

"Hapana, mama."

"Rejista ya mirathi inakwenda kwa jina la marehemu."

"Aaa! Mzee Tochi."

"Mzee Tochi ndivyo alivyoandikwa kwenye cheti cha kifo?"

Kimya. Kijiji kizima kilimzika Mzee Tochi, kikamlilia Mzee Tochi, na hakuna anayejua kwa uhakika aliandikwa nani. Anapigiwa simu shangazi. Shangazi anataja jina la ubatizo. Anapigiwa baba mdogo, anataja la babu. Karani anasubiri, kalamu sikioni. Na hata jina likipatikana, lina sura zake: Ramadhani na Ramadhan, Rashidi na Rashid, na kwetu sisi R na L hubadilishana viti bila kuaga. Kwa hiyo nenda na cheti cha kifo, majina matatu kama yalivyo pale, na umwombe mama atazame pia jina la mwombaji, yaani yule aliyeomba kuwa msimamizi. Mara nyingi yule ndiye aliyeandikwa bila makosa, kwa sababu alikuwa hai kujitetea.

"Alifariki lini?"

"Mwaka wa El Nino."

"Ile ya kwanza au hizi za juzijuzi?"

"Ya kwanza."

"Mirathi mlifungua lini?"

"Baada ya arobaini."

"Watu hawafungui mirathi baada ya arobaini, baba. Wanafungua wakishagombana. Mligombana lini?"

Swali hili linajibika! Wote wanakumbuka: mwaka ambao shamba la bondeni liliuzwa kimyakimya. Hapo rejista inashuka kutoka kabatini, vumbi linapaa, mama anapiga chafya mbili za kiserikali.

Na hapa sikilizeni, maana ndipo watu wanaporudishwa nyumbani wakidhani wameonewa. Namba za mashauri zinaanza upya kila Januari. Ukisema "ni Mirathi namba 7" hujasema kitu. Kuna namba 7 ya kila mwaka tangu kituo kifunguliwe. Halafu rejista inafuata mwaka wa kufungua, si wa kuamua. Shauri lililofunguliwa Desemba 2011 likaamuliwa 2013, liko kwenye kitabu cha 2011. Kitabu cha 2013 utakipekua mpaka macho yatoke. Kwa talaka kuna mtego wa ziada: vituo vingi viliandika mashauri ya ndoa kwenye rejista ya madai, kwa hiyo talaka yako inaweza kulala kati ya kesi ya deni la ng'ombe na kesi ya mpaka wa mihogo. Omba vitazamwe vitabu vyote viwili, na majina ya wote wawili, kwa sababu linaloanza ni la mdai, na si lazima uwe wewe.

Kinachonikera mpaka leo ni kwamba namba hiyo hiyo iko juu ya kila Fomu namba IV, na ukoo mzima uliishika siku ile, wakaibusu, wakapiga nayo picha, kisha ikawekwa kwenye begi la mjomba. Mjomba hana begi tena. Kabla ya kupanda bodaboda, fikiria nani mwingine aliwahi kupewa karatasi hiyo: benki, ofisi ya ardhi, mfuko wa pensheni. Kivuli chake kiko kwenye faili lao. Hata wito wa zamani au stakabadhi ya ada vina namba.

Rejista imefunguliwa, namba imepatikana, tunashangilia. Mama anasoma safu ya mwisho, anafunga kitabu taratibu.

"Jalada halipo. Liliitwa Wilayani."

Mtu alikata rufaa. Rufaa ya mirathi kutoka Mwanzo kwenda Wilaya ni siku 30, na jalada zima la awali linapelekwa huko. Likiisha linatakiwa kurudi. Linatakiwa. Kule Wilayani nako namba ni nyingine, inaitwa Rufaa, na majina yamepinduka: aliyekata rufaa ndiye sasa yuko mbele. Baba mdogo aliyekuwa wa pili kwenye kila kitu maishani, huko ni wa kwanza.

Likiwepo, usiombe kwa mdomo. Andika barua kwa Hakimu Mfawidhi: namba na mwaka wa shauri, majina ya wahusika, tarehe ya uamuzi kama unaijua, wewe ni nani kwenye shauri hilo, unaitaka kwa kazi gani, namba ya simu. Na utaje kitu chenyewe. "Naomba mafaili ya mirathi" ni barua ya kulala kwenye trei. Hukumu ni kitu kimoja, mwenendo, yaani maandishi ya yote yaliyosemwa shaurini, ni kingine, Fomu namba IV ni kingine, amri ya kuvunja ndoa ni kingine. Toa barua mbili, moja ibaki kwao, ya pili wakugongee muhuri wa kupokelewa na tarehe. Bila huo muhuri, mwezi ujao wewe hujawahi kufika pale.

Ukitaka mwenendo, jipange. Mwenendo wa zamani uliandikwa kwa mkono, na mkono wa hakimu kila mtu anaujua. Lazima uchapwe, usomwe upya, uthibitishwe, na hakimu mwenyewe kahamishwa mkoa mwingine. Kama benki inataka Fomu IV tu, usijitwishe mwenendo. Na wale mnaotaka jalada la mtoto wa jirani kwa sababu mna "shauku ya kujua", mashauri ya watoto husikilizwa faragha na kumbukumbu zake haziachiwi mpita njia.

Malipo ni kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, unalipa kwa simu. Usimpe mtu yeyote fedha mkononi, hasa yule kijana wa chini ya mwembe mwenye bahasha kwapani. Namba hiyo ina muda wake, ukiichelewesha inakufa, na siku ya kuomba nyingine mtandao unasumbua.

Mwenye talaka asisahau kwamba amri ya mahakama ni jambo moja na kuisajili RITA, ule wakala wa serikali wa usajili, ni jingine. Cheti cha talaka kinatoka RITA.

Wanasema Temeke kuna Kituo Jumuishi cha mambo ya familia tu, ndoa na mirathi, huduma chini ya paa moja. Hongera zao. Sisi paa tunalo, bati la mwisho linapiga kelele upepo ukija.

Ila nikirudi kwa huyu mjomba wa begi, maana ndiye msimamizi mwenyewe. Kanuni inampa msimamizi miezi 4 tangu kuteuliwa kuleta Fomu namba V, orodha ya mali na madeni, halafu hesabu kwa Fomu namba VI kwa vipindi anavyopangiwa na mahakama. Ukilifungua jalada, tazama kama fomu hizo zimo. Mara nyingi Fomu V imo, na ni burudani. Sufuria tatu zimeandikwa. Jembe limeandikwa, tena "jembe moja, bovu". Baiskeli isiyo na mnyororo imo. Shamba la bondeni, ekari zote zile, mwandishi alichoka kabla ya kulifikia. Fomu VI ndiyo haipo kabisa, na ukimuuliza mjomba anakwambia hesabu zote anazo kichwani. Hapo mnufaika ana haki ya kuandika barua nyingine, kwa Hakimu Mfawidhi yuleyule, kuomba msimamizi aitwe aje kueleza hesabu zake. Na ya pili mgongewe muhuri, jamani.