Swala Alikuwa Rahisi, Shughuli Ilikuwa Kibali

Vijana mna raha, basi tu hamjui. Juzi mjukuu wangu kanuna kutwa nzima, eti anaomba kibali cha kitu gani sijui kwenye simu na kontrol namba imechelewa. Imechelewa dakika ishirini! Nikamwambia, baba, wewe ungekuwepo miaka ya themanini ukatamani nyama ya swala, leo ungekuwa mtu wa mchicha.

Sisi Tabora mnyama hakuwa shida. Pori la miombo lile, swala pala wapo, tohe wapo, pongo wapo, kongoni ndio usiseme. Shida ilikuwa kumfikia mnyama kihalali, na shemeji yangu alikuwa mtu wa kihalali kupita kiasi. Angekuwa na ujangili hata wa kijiko kimoja tungekula mapema. Lakini yule ni mwalimu wa shule ya msingi, anaandika tarehe kwenye kila kitu mpaka kopo la chumvi.

Na kujua sheria anajua, hapo simnyimi haki yake. Anakuhesabia: mwaka 1973 Serikali ilifunga uwindaji. Mwaka 1974 ikatunga Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, ndefu, ina vifungu vya namna ya kuwinda, wakati kuwinda kwenyewe kumefungwa. Sasa walikuwa wanasomewa nani, swala? Ilipofika 1978 milango ikafunguliwa, na mwaka huohuo nduli Amin naye akavamia Kagera, kwa hiyo risasi zote nchini zikawa na safari nyingine. Wenzetu Kenya walishamaliza habari mapema, walipiga marufuku 1977 na mpaka leo marufuku. Wakikaa wazee wa kule kusimulia uwindaji, wanaishia 1977 wanaagiza chai.

Haya, msimu unafunguliwa tarehe 1 Julai, unafungwa 31 Desemba. Ukitaka nyama ya Julai anza kuhangaika Machi. Barua ya balozi wa nyumba kumi. Leseni ya bunduki, hiyo ni polisi. Ndipo uende kwa Bwana Nyama, yaani ofisa wanyamapori, wilayani. Wilaya yenyewe siitaji, watu wana ndugu.

Jumatatu ukienda, Bwana Nyama yuko porini. Jumanne yuko mkoani. Jumatano yupo, ila karani kaondoka na ufunguo wa kabati. Alhamisi karani yupo, kabati liko wazi, kitabu cha vibali kimeisha, kingine kinakuja na treni kutoka Dar. Ijumaa treni imefika, kitabu kipo, karatasi ya kaboni hakuna! Na kibali lazima kiwe na nakala. Ikabidi kaboni tuitafute kwa mpiga chapa mmoja mjini, akatupa shiti moja iliyochakaa kwa kipande cha sabuni ya mche. Enzi zile sabuni ya mche ulikuwa unaweza kuposea.

Basi kibali kikaandikwa: swala pala dume, mmoja. Tohe dume, mmoja. Bwana Nyama akatusomea masharti huku kafumba macho, yamemkaa kichwani. Usiwinde usiku. Usimmulike mnyama taa. Usipige ukiwa ndani ya gari, wala usimkimbize kwa gari. Usitege nyaya. Usipige mwenye mimba wala mwenye mtoto. Ukimjeruhi, mfuate umalize kazi. Shemeji anaandika yote kwenye daftari la mistari, anapigia mstari kwa rula. Mimi nikauliza kukohoa kunaruhusiwa? Nikaangaliwa vibaya na ofisi nzima.

Lakini sharti lililotumaliza ni moja: anayepiga ni mwenye jina kwenye karatasi. Sasa mwenye jina ni shemeji, na shemeji miwani yake imefungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Katika msafara wetu tulikuwa na mzee mrina asali, macho yake yanamwona nsya aliyelala nyuma ya kichuguu, na huyo kazi yake ilikuwa kubeba maji. Anayeona hana kibali, mwenye kibali haoni.

Mimi? Mimi nilikuwa mtu wa kufungua mageti.

Tukakodi Land Rover, tukaingia porini Jumamosi. Na wanyama nao, sijui nani huwa anawapelekea habari. Kongoni, ambaye hayumo kwenye kibali, akasimama hatua thelathini, ubavu wazi, anatafuna. Tukampita. Ngiri akapita na familia yake, mikia juu. Hayumo. Tohe, ambaye ndiye wetu, tuliona majani yakitikisika tu. Mbung'o ndio walikuwa hawana kibali wala hawana msimu, wanakuuma juu ya shati, juu ya suruali, yule wa mgongoni ukimpiga kofi anatulia kidogo halafu anaendelea na kazi.

Jumapili mchana ndipo tukakuta kundi la swala. Kwa wasiojua, swala pala dume mmoja anamiliki majike chungu nzima, na akili yake yote ni kusimama katikati yao. Shemeji akanyata, akapiga goti, akaweka bunduki chini, akatoa kibali mfukoni akaanza kusoma. Nikamnong'oneza, unasoma nini? Ananijibu, nahakikisha. Unahakikisha nini, jina lako?

Na saa inakimbia, maana nyie hamkuyaona haya: petroli ilikuwa ya shida, gari la mtu binafsi Jumapili mwisho saa nane mchana. Ikipita hapo, ukionekana barabarani trafiki anakula sahani moja na wewe. Nikamwambia shemeji, saa saba hii. Akasema bunduki haipigwi kwa haraka. Akafuta lenzi ya kulia. Akafuta ya kushoto. Majike wawili wakasogea kula majani mabichi, dume akabaki pembe wazi, na kwa kudra zake Mola risasi ikafika ilikotumwa. Kundi likaruka hewani, wakapotea. Dume chini.

Mnadhani tulishangilia? Thubutu. Shemeji akapiga ukelele: "Kalamu!" Kibali kinatakiwa kijazwe: tarehe, mahali, mnyama gani, jinsia gani. Na kwake kujaza ni papo hapo. Kalamu ikagoma. Akaipumulia. Akaisugua kiganjani. Akaipasha kwa kiberiti, ncha ikayeyuka. Mrina asali kashachuna paja, siafu wanajipanga, mwalimu anazunguka gari anatafuta wino. Mwisho akajaza kwa kipande cha mkaa. Mkaa huo tuliutoa kwenye moto tuliobanikia ini, na hapo naomba mnisamehe nimeze mate. Ini la swala, dakika chache juu ya kaa, nje limekauka, ndani bado linatoka maji mekundu, unachovya kwenye chumvi ya kopo lenye tarehe. Nimekula kwenye harusi za watu wakubwa, sijakutana nalo tena.

Tukafika geti la mbung'o saa nane imepita. Pale kuna mzee na wavu, kazi yake kulizunguka gari kukamata mbung'o lisitoke nao porini, halafu anapuliza dawa. Mbung'o wengine aliwaacha. Nyama aliiona yote. Akadai kibali. Akakisoma mbele, akakisoma nyuma, akasema, "Mwalimu, serikali haiandikiwi kwa mkaa." Barabarani hatuwezi kwenda, ni Jumapili. Tukalala pale mpaka Jumatatu, na mtu huwezi kulala kwa mwenyewe bila kupika. Paja la kwanza likaenda hivyo.

La pili lilikwenda kwa mwenye Land Rover, ndiyo yalikuwa makubaliano. Mkono mmoja kwa mrina asali, haki yake. Balozi alikuwa ameandika barua. Karani alikuwa amepata ufunguo. Bwana Nyama yeye alitaka kuona mnyama, akamwona, na kile alichokiona hakikurudi. Nyumbani tukafika na kichwa, shingo na mbavu za upande mmoja. Dada yangu akalitazama beseni, akamtazama mumewe, akauliza, "Tangu Machi?"

Sasa mambo ya kisasa. Tangu 2020 kuna kanuni za mabucha ya nyamapori, unaingia dukani, unataja kilo, unapewa. Nilikwenda bucha moja, kijana kavaa glovu, kanipimia swala hata bila kuniuliza mimi ni mtoto wa nani. Kanipa risiti akaniambia, babu, itunze, ukikutwa na nyama bila karatasi ni nyara za serikali. Nikafika nyumbani nikaibandika ukutani, nikala, na sikuibandua mpaka keshokutwa yake, maana nilikuwa na wasiwasi kama tumboni bado inahesabika.

Nyama yenyewe haikuwa mbaya. Lakini utasimulia nini? Nilikwenda, nikalipa, nikarudi? Hata mbung'o hakuna!

Nikampelekea shemeji kipande. Kazeeka, miwani sasa mizima, ubishi uleule. Akala, akaomba aone risiti, akaisoma yote mpaka namba ya mashine. Halafu akafungua kabati akatoa nakala yetu, ile ya kaboni, maneno yamebaki kivuli. Swala dume, alama ya vema. Tohe dume, patupu. Nikamwambia shemeji, hiyo iliisha muda 31 Desemba, Bwana Nyama mwenyewe alishastaafu. Akavua miwani. Anasema ada ililipwa ya wanyama wawili, stakabadhi anayo, na Jumatatu anakwenda wilayani kuidai Serikali tohe wake.

Mimi nimeshaambiwa nije na kalamu mbili.