Kamati isiwatafutie mpiga picha

Wiki iliyopita mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, aliandika kwenye grupu la familia: "Jamani, naomba mwenye picha yoyote ya kanisani anitumie." Harusi ilikuwa Desemba. Mpiga picha alikuwepo, wote tulimwona, tena alitusukumasukuma. Kumbe kadi ya kamera "ilipata shida", na kijana aliyekuja nayo hapatikani kwenye simu. Mwenyekiti wa kamati naye akajibu kwamba tumshukuru Mungu, mengine yote yalikwenda vizuri, chakula kilitosha.

Chakula kilitosha! Mimi nimechanga kadi ya dabo, nimekula pilau, nimeshukuru. Pilau lile leo liko wapi?

Nina ugomvi na kamati zetu. Ukumbi hujadiliwa vikao vitatu, vinywaji viwili, mapambo watu wanakaribia kununiana. Mpiga picha anawekwa kwenye "mengineyo", halafu mjumbe mmoja ananyoosha mkono: "Kuna kijana wangu, atatufanyia kwa bei nzuri." Imepita. Maharusi hawajaulizwa, na wakiulizwa wanaonekana wana kiburi kwa sababu hela ni za watu.

Sasa nyie mnaooana, hata kama mtaiachia kamati kila kitu kingine, hili lichukueni wenyewe. Na swali la kwanza lisiwe bei. Ulizeni: siku hiyo anakuja nani?

Ukurasa wa Instagram hauna mikono. Mnaupenda ukurasa, mnalipa advansi, halafu Jumamosi anashuka kwenye bodaboda kijana ambaye hamjawahi kumwona, kamera ya kukodi begani, hata jina la bibi harusi halijui. Hii si bahati mbaya, ndivyo biashara inavyokwenda. Wakati wa Kwaresima makanisa mengi hayafungishi ndoa, Ramadhani sherehe zinasimama, kwa hiyo kila mtu anarundikana baada ya Pasaka, baada ya Idi na Desemba. Studio moja inapokea harusi kadhaa za Jumamosi moja, na bosi hajigawi. Yeye anakwenda kwenye harusi yenye hela, kwenu anatuma kibarua. Kibarua akimaliza anaondoka na kadi mfukoni, na hapo ndipo picha za mdogo wangu zilipopotelea.

Kwa hiyo mtajeni mpiga picha kwa jina kwenye mkataba. Andikeni pia nani anakuja akiugua. Muulizeni kama kamera yake inaandika kwenye kadi mbili kwa wakati mmoja, maana zipo zinazofanya hivyo, na kama kabla ya kulala anahamishia picha sehemu mbili tofauti. Akicheka, nanyi chekeni, mkanyanyuka mkaondoka.

Halafu mwambieni awaonyeshe harusi moja nzima aliyopiga yeye mwenyewe, kuanzia saluni mpaka ndafu inakatwa. Zile picha kali alizochagua ziacheni. Ufukweni saa kumi na moja jioni, jua limelegea, hata mjomba wangu na simu yake anatoa picha nzuri. Mtihani uko ukumbini usiku: taa za zambarau ukutani, moshi wa kuingilia maharusi, MC anayewaamuru mgeuke upande ambao hauna mwanga. Asiyejua kuweka taa zake anawatoa wote rangi ya biringanya, kisha anakwenda "kurekebisha" kwa kuwapaka weupe. Nimeona albamu ambayo bibi harusi ana uso wa rangi moja, shingo ya rangi nyingine, na mkono uliokumbatia maua ndio pekee ninaoutambua. Ngozi yetu haina kosa, mpigaji ndiye hajui kazi. Mwambieni mapema, kwa maandishi: msitung'arishe.

Kwa ndugu zangu wa Unguja, Tanga na Mombasa, lenu ni zito zaidi. Kwenye shughuli ya wanawake simu zinakusanywa mlangoni, mpiga picha ni mwanamke, mambo safi. Halafu picha zinapelekwa dukani, na anayekaa kuzihariri ni kaka mmoja na wenzake wamemzunguka, wanakunywa soda. Mlimlipa dada kwa sababu gani basi? Ulizeni nani anazihariri, na kwenye kompyuta ya nani. Na kama hamtaki sura zenu ziwe tangazo la studio, liandikeni hilo pia. Tanzania Bara tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini kufuta picha ambayo shangazi zako wote wameshaitumiana hakuna sheria inayoweza.

Droni? Mwulizeni kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, mtaona anavyobadilisha mada.

Haya, na wapiga picha nawapa haki yao, ingawa leo sina moyo huo. Bibi harusi anatoka saluni jua linazama, halafu mnataka picha za bustanini. Mashangazi wanajaa mbele ya madhabahu na simu zao, mpiga picha anapata migongo na vilemba. Na wapo wanaokataa kumlipa salio kwa sababu eti mama mzazi katoka amefumba macho.

Lakini salio ni silaha pekee mliyonayo, msiitoe ukumbini usiku ule mwenyekiti akiwa na haraka ya kufunga hesabu. Lipeni nusu mwanzoni, nyingine siku mnayokabidhiwa picha zote, tarehe ikiwa imeandikwa na mweka hazina wa kamati ana nakala. Mpiga picha akinuna, tafuteni mwingine, tena kabla ya Desemba.