Upepo wa Ubavuni na Barafu Chini: Nani Aseme Ndege Isiruke?

Kila Januari pale JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, utakuta watu wakingoja ndugu zao hadi usiku wa manane kwa sababu ndege imekwama Ulaya kwenye theluji. Lalamiko ni lile lile: mbona ndege ya kampuni nyingine imeruka? Ni swali la haki. Linagusa mvutano wa kweli katika urubani: upepo ukipiga ubavuni na njia ya kurukia ikiteleza, rubani aachiwe uamuzi, au kuwe na kikomo kisichobishaniwa?

Ndege inapoanza kukimbia, usukani wa mkiani bado hauna nguvu kwa kuwa hewa inayoupitia ni kidogo. Kinachoiweka mstarini ni matairi. Upepo husukuma mkia ule mpana, na pua hutaka kugeukia upepo unakotoka. Lami ikiwa kavu, matairi hushika. Kwenye barafu hayana cha kushika. Rubani akikatiza safari na kugeuza msukumo wa injini ili asimame, huku pua imeshakwenda upande, msukumo huo waweza kumvuta nje ya njia kwa kasi zaidi.

Wanaomtetea rubani wana hoja nzito. Upepo hautulii, unaopimwa sasa sio utakaovuma nusu dakika baadaye. Tena, kwa ndege nyingi, kiwango cha upepo wa ubavuni kilichomo kwenye kitabu cha ndege si kikomo. Ni upepo mkali zaidi uliokutwa wakati wa majaribio. Kwa njia yenye utelezi, watengenezaji hutoa ushauri tu, na kila kampuni hujiwekea kiwango chake. Ndiyo maana mmoja huruka na mwingine hubaki.

Lakini tazama Denver, Marekani, 20 Desemba 2008. Boeing 737 ya shirika la Continental ilitoka nje ya njia ikiwa mbioni kuruka, ikashika moto. Watu wote 115 wakanusurika. Barafu haikuwa chanzo, ni upepo. Wachunguzi walisema rubani aliacha kukanyaga pedali ya kulia, ile inayogeuza usukani wa mkiani, sekunde chache kabla ndege haijatoka njiani. Hawakuishia hapo. Walisema pia kwamba mfumo wa mnara wa kuongozea ndege haukulazimu apewe vipimo vyote vya upepo vilivyokuwepo, na kwamba mashine za mafunzo hazikuiga vizuri dhoruba za ghafla. Alipewa uamuzi bila kupewa taarifa. Siwezi kumtwika mzigo wote.

Kapteni James Thain alitwikwa. Ndege yake ilianguka Munich mwaka 1958 ikijaribu kuruka, watu 23 wakafa, naye akalaumiwa kwa barafu ya mabawani. Ilichukua hadi 1969 kwa uchunguzi wa Uingereza kukubali kwamba kosa lilikuwa theluji ya majimaji iliyoachwa njiani.

Kwa hiyo naegemea kikomo. Tangu Novemba 2021, utaratibu wa ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, unataka hali ya njia itajwe kwa nambari, 6 ikiwa kavu na 0 ikiwa haifai kabisa. Si jambo la nchi za theluji pekee: maji yaliyotuama kwa zaidi ya milimita 3 hupewa 2. JKIA ina njia moja tu. Upepo ukija ubavuni, hakuna nyingine ya kugeukia. Masika yakianza, ningetaka rubani aambiwe nambari hiyo, pamoja na upepo wa pale pale ndege ilipo, na kampuni yake iwe imeshaandika asivuke wapi.