Mzigo wa Kilindini: Upande Treni au Lori?

Agosti 2019 serikali ya Kenya iliagiza mizigo yote ya bara inayoshuka Kilindini, bandari ya Mombasa, ipande reli mpya ya SGR hadi bohari ya makontena ya Embakasi, Nairobi. Mombasa iliandamana, na haikuwa bure: kuanzia Changamwe hadi Mariakani, kuna madereva, matanboi, mafundi wa pancha na wauza chai na mahamri wanaoishi kwa lori. Septemba 13, 2022, siku aliyoapishwa, Rais Ruto akatangaza kazi ya kukagua na kuidhinisha mizigo irudi bandarini Mombasa. Ubishi haujaisha.

Wanaotetea reli wana hoja nzito. Treni moja hubeba makontena zaidi ya mia ya futi 20. Ukiyapakia mawili mawili kwenye trela, ni trela hamsini na ushei zinazoiponda barabara ya Mombasa–Nairobi pale Mtito Andei. Halafu kuna deni la China lililojenga reli hiyo. Litalipwa tu, mabehewa yajae yasijae.

Sasa njoo kwa mwenye mzigo. Chukua mfanyabiashara aliyeagiza vigae, godauni yake iko Industrial Area, Nairobi. Treni haifiki mlangoni kwake. Kontena likishushwa Embakasi, anakodi lori la kulimalizia safari. Vigae vikishatoka, linabaki kontena tupu, nalo ni la kampuni ya meli. Siku za bure zikipita kabla hajalirudisha, kila kukicha anatozwa. Lori lililotoka Kilindini lingemfikishia vigae mpaka godauni na kugeuka na kontena tupu safari hiyohiyo.

Kwa hiyo bei ya kusafirisha kwa kilomita peke yake inadanganya. Kila kreni inapoliinua kontena, kuna mtu anaandika risiti.

Hata hivyo sisi wa Mombasa nasi tusijifanye malaika. "Kazi zetu" ni kilio cha haki, lakini mwenye vigae hana deni la kutulisha. Na kontena likilala bandarini wiki nzima likisubiri ukaguzi, haraka ya treni au ya lori haimsaidii kitu.

Mimi naona kosa la 2019 lilikuwa kulazimisha, reli yenyewe haina ubaya. Mwenye shehena kubwa inayokwenda mbali huenda akaikimbilia bila kusukumwa. Huyu wa kontena moja la vigae, SGR imtajie bei moja: kutoka melini hadi mlangoni, na kontena tupu kurudishwa humohumo. Akiona ni nafuu kuliko ya mwenye lori, atapanda.